Kaa Aliyelala Chali

Kaa wa kwanza niliyemshika maishani alikuwa na ndoano tumboni na miguu ya mpira. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa chini ya meza ya mama katika karakana moja ya Dagoretti, nikamwuliza huyu mdudu anaishi wapi. Mama hakuinua uso. "Kwa boksi," akasema.

Jibu hilo halikunitosha. Majibu mengi hayajawahi kunitosha, na ndiyo maana wanawake wa meza ile waliniita Profesa miaka mingi kabla sijaingia chuo, na hawakuniita hivyo kwa heshima.

Mama hufunga inzi. Ndivyo tunavyosema, kufunga inzi, ingawa hawa si wale wa jikoni. Ni ndoano iliyovalishwa nywele, manyoya, uzi na gundi mpaka ifanane na kitu ambacho samaki angependa kula. Wale wa meza ya mama ni wa maji ya chumvi: kamba, vidagaa, kaa. Hununuliwa na watu wa mbali ambao kiangazi cha kwao kikifika husafiri hadi pwani zenye mikoko, wakaingia kwenye maji ya magoti wakiwa na fimbo nyepesi na mshipi mwembamba, wakamtupia samaki hicho kitu kidogo na kukivuta polepole mbele ya pua yake. Wengi wao wakishamkamata humpiga picha, halafu humwachia. Nilipomweleza mama habari hiyo, nikiwa mwaka wa pili chuoni, alicheka hadi akaweka mkasi chini. "Watu wameshiba," akasema.

Nilisoma zuolojia. Naweza kukwambia kaa ana miguu mingapi, anapumuaje, na kwa nini hutembea upande. Nikamaliza, nikavaa shati jeupe, nikapanda na kushuka ngazi za majumba ya Westlands kwa muda wa miaka miwili nikiulizwa nina uzoefu gani. Mwishowe nilirudi kwenye meza niliyokua chini yake, safari hii nikakaa juu ya kiti. Nilirudi na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi hufunga kamba. Nywele ninazotumia hutoka mikia ya ndama wanaochinjwa mtaa wa pili, zikaoshwa na kutiwa rangi ya waridi kwenye masufuria nyuma ya karakana. Samaki wa bahari ambayo sijawahi kuiona ataumwa na ndoano kwa sababu ya ndama wa Dagoretti. Nani aliyepanga hivyo? Nilipouliza, jirani yetu wa mezani, mwanamke wa Machakos ambaye hufunga vidagaa na hajawahi kukosa la kusema, alinijibu kwamba hata ndama hakuulizwa.

Kila aina ya inzi ina sampuli yake. Mteja huleta mmoja, anachomekwa kwenye kizibo katikati ya meza, nasi tunamfuata: urefu wa mkia, idadi ya mizunguko ya uzi, rangi ya kucha. Ukiuliza kwa nini kaa ana michirizi mitatu wala si minne, utaambiwa sampuli inayo mitatu. Nani kati yetu amewahi kumwona inzi wake akiwa ndani ya maji? Hakuna. Mama alikuwa amefunga kaa kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna hata mmoja aliyelowa mbele yake.

Sasa nieleze jambo moja la kazi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kaa wa mama huwa na uzito mdogo wa chuma wenye vinundu viwili, tunauita dambeli. Ukiibana ndoano kwenye vaisi ya mezani, ncha yake hutazama chini, na mama hufunga dambeli juu, upande wa pili kutoka kwenye ncha. Kwa hiyo akiwa mezani kaa anaonekana amepinduliwa, tumbo jeupe juu, mgongo wa kahawia chini. Ukimtazama utadhani amekosewa. Ndivyo alivyofundishwa na mama mmoja aliyemtangulia, na yule naye alifundishwa vivyo hivyo.

Mwaka huu, mwezi wa pili, wakati oda za kiangazi chao zinapoanza kumiminika kwetu, mteja hakutuma sampuli. Alituma picha. Supavaiza wetu, kijana aliyenizidi miaka michache tu, alikuja na simu mkononi akaiweka mbele ya mama. Kwenye picha kaa amesimama vizuri, mgongo juu, na dambeli iko chini yake.

"Mathe, umeona? Wamebadilisha. Dambeli inakaa chini."

Mama aliitazama picha muda mrefu. Akamwambia kwamba anafikiri huyo kaa ni yule yule wa kila mwaka, ila ndoano imegeuzwa ili apigwe picha. Supavaiza akasema mteja hawezi kutuma picha ya kitu kile kile. Mama akasema mkono wake unakataa. Watu wawili watatu wakacheka, na supavaiza akasema picha haidanganyi, lakini mkono wa mtu hudanganya.

Ndipo mama akanigeukia mimi. "Wewe umesoma. Hiyo picha iko sawa?"

Ningependa kuandika kwamba niliichunguza. Mimi ninayehoji sala ya kabla ya chakula, ninayehoji bei ya nyanya, ninayehoji hata saa ya ukutani, siku hiyo sikuhoji chochote. Mkono unakataa! Mkono ni kitu gani? Nilisikia kauli ya mtu anayeshikilia mazoea, na mbele yangu palikuwa na picha, ushahidi. Nikamwambia, "Picha ni picha, Mama. Fuata."

Akafuata. Alifunga kaa kwa wiki tatu, dambeli chini, upande wa ncha, mwili ule ule. Wakaenda kwenye maboksi.

Habari zilirudi baada ya wiki chache, barua fupi kutoka ofisi yetu ya Westlands, ile inayopokea oda. Kaa wote walikuwa wabovu. Wakitupwa majini wanalala chali, tumbo juu, na ndoano inajichimbia kwenye majani ya chini na mizizi ya mikoko. Samaki hata hawasogei. Supavaiza alisoma barua hiyo akiwa amesimama mlangoni, kisha akaja mezani na karatasi nyingine, iliyochapwa. Ilisema kwamba mama, mwenye namba fulani ya kazi, anakiri kufunga kaa kinyume na maagizo aliyopewa, na anakubali kuhamishwa kwenda kuchambua manyoya. Kulikuwa na mstari wa sahihi. Alipewa mpaka Jumatatu.

Kuchambua manyoya hufanyika kwenye varanda. Ni kazi ya siku ya kwanza, ya mtu ambaye bado hajaaminiwa na mkasi. Mama alianzia hapo akiwa na ujauzito wangu. Kiti chake cha mezani, kile cha karibu na dirisha, alikipata baada ya miaka sita. Lakini haikuwa varanda iliyomuuma tulipokuwa tukirudi nyumbani. Ilikuwa yale maneno, kinyume na maagizo.

Jioni hiyo alipika mboga za kienyeji akaniambia atatia sahihi. Nikaanza. Nikamwambia haki yake, nikamwambia sheria ya kazi, nikamwambia habari za watu wanaoinamisha kichwa na wanavyowafundisha wengine kuwakanyaga. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Alikuwa akigeuza mwiko tu.

"Nikikataa, nafukuzwa," akasema. "Nikikubali, nachambua manyoya. Chagua wewe, msomi. Siku ile nilikuuliza."

Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayenikumbusha kwamba nimeacha taa ikiwaka. Nilikaa pale nikifikiri jinsi nilivyojivunia kutoamini kitu bila ushahidi, na ushahidi wa miaka ishirini ulikuwa umekaa mbele yangu, umevaa leso, ukaniuliza swali, nami nikaupuuza kwa sababu haukutoka kwenye skrini.

Nikamwambia, "Basi tuwatie majini tuone." Akasema wapi, kwenye ndoo? Nikasema ndoo haitoshi. Huyu kaa hutupwa na kuvutwa, kwa hiyo tunahitaji maji mengi, meupe, yenye sakafu.

Kwaya ya kanisa letu ina mwanamume mmoja wa sauti ya tatu ambaye hutunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba moja ya Spring Valley. Mama alimpigia simu kwa shingo upande. Jumamosi alasiri, wenye nyumba wakiwa wamesafiri, alitufungulia geti la nyuma, akatuonya kuwa ni dakika kumi tu na kwamba ana watoto shuleni. Nilikuwa na mshipi wa nailoni. Tuliufunga kwenye mpini wa ule wavu wake wa kuzolea majani, na hiyo ikawa fimbo yetu.

Kwanza nilimfunga kwenye mshipi kaa wa picha, mmoja aliyebaki mezani. Nikamrusha. Alizama kwa kuyumba, akagusa sakafu ya buluu akiwa amelala chali, tumbo jeupe juu, ncha ya ndoano chini. Nilipomvuta alikwaruza. Kila nilipomvuta alikwaruza. Yule bwana wa kwaya akauliza kama tunataka kumtobolea bwawa.

Kisha mama akatoa kopo lake la mafuta ya kujipaka. Ndani, kwenye pamba, alikuwa na kaa wa mwaka juzi aliyekataliwa kwa sababu ya rangi ya kucha. Sikujua anamweka. Nikamfunga, nikamrusha palepale. Alipogusa maji alijigeuza, kama mtu anayejigeuza kitandani, akashuka na mgongo wake wa kahawia juu. Akasimama kwenye sakafu kwa vinundu vyake viwili. Kucha zikainuka, miguu ya mpira ikatetemeka, ndoano ikawa juu, mbali na chochote cha kuinasa. Nikavuta kidogo. Akaruka hatua, akatulia, akainua kucha tena kama anayetaka ugomvi.

Mama alikuwa amevua viatu. Alipiga magoti ukingoni, mikono miwili kwenye vigae vilivyolowa, akainama mpaka nikaogopa ataanguka.

"Kumbe anatembea," akasema.

Nikavuta tena, na tena. Hakuniambia niache. Miaka ishirini na kitu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Hakuna aliyefikiri kwamba mwenye kufunga anahitaji kuona. Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake, kwa sababu hasira ndiyo ninayoimudu. Bwana wa kwaya alitazama saa, akatazama kaa, akasema, "Mama, huyo usimwache hapo. Mwenye nyumba akimwona hataoga tena, na mimi nitapoteza kazi." Mama akacheka. Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka wiki hiyo.

Nilikuwa nimerekodi kila kitu kwa simu. Nikamwambia Jumatatu tutawaonyesha hiyo video. Akakataa. Picha ndiyo iliyotufikisha hapa, akasema, waone maji.

Jumatatu supavaiza alikuja mezani saa tatu na kalamu yake mwenyewe. Mama aliichukua. Lakini hakuanza kwenye mstari. Alianza juu yake, kwenye nafasi nyeupe, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya msingi.

"Mathe, hapo ni pa sahihi tu," supavaiza akasema.

"Karatasi ni kubwa," mama akajibu, akaendelea.

Aliandika hivi, ninanukuu kwa sababu nilisimama nyuma yake: Niliambiwa dambeli iwe chini. Nilisema si hivyo. Niliambiwa tena. Nikafunga nilivyoambiwa. Kisha akaweka majina yake yote matatu, na namba ya kitambulisho ambayo hakuna aliyeiomba.

Mikono ya watu ilikuwa imesimama meza nzima. Supavaiza alisoma, na uso wake ulibadilika kidogo; siamini kwamba ni mtu mbaya, naamini ni mtu mwenye bosi. Alisema hawezi kupeleka karatasi ya namna hiyo, wataona ameandikiwa kesi yeye. Akaomba achapishe nyingine. Mama akamwambia asijisumbue, ataipeleka mwenyewe, leo. Akavua aproni.

"Na Profesa anaenda wapi?" supavaiza akauliza, maana nami nilikuwa nimesimama.

"Kubeba maji," nikamwambia.

Chupa ilitoka kwa jirani yetu wa Machakos, ya kioo, yenye mdomo mpana. Alizimwaga njugu zake zote kwenye leso. "Njugu tutakula leo," akatangaza, "lakini chupa mnirudishie. Na mkifukuzwa, mnirudishie mapema."

Kwenye mlango wa lile jumba la Westlands askari alitusimamisha. Alikuwa na kile kifaa cha kupapasia mifuko, na kililia kilipofika kwenye kopo la mama. Akataka kujua ni nini. Mama akamwambia ni kaa. Akauliza kaa gani wana chuma. Mama akafungua, akamweleza pole pole, upi uzito, ipi ndoano, nani huvuliwa na nani huvua, na nyuma yetu foleni ya watu wenye laptopu ikawa inarefuka. Mwishowe askari alisema twende, lakini tusivue samaki huko juu.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya saba. Mwanamke anayeshughulikia oda alitoka akiwa na haraka, akatukaribisha kwenye viti vya mapokezi, na nikajua kwamba viti vya mapokezi maana yake hatutaingia ndani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliiandaa tangu Jumamosi, ilikuwa na kituo cha uzito na vifungu vya sheria. Nilipofungua mdomo, mama aliniwekea mkono kwenye goti.

Akaweka chupa juu ya meza ya kioo, kati ya magazeti. Akatumbukiza kaa wa kwanza, yule wa picha. Akalala chali. Akatumbukiza wa pili, naye akajigeuza, akasimama, akainua kucha pembeni ya mwenzake. Halafu mama akaweka karatasi kando ya chupa, akakunja mikono, akangoja. Binti wa mapokezi alikuwa amesimama ili aone.

Yule mwanamke aliinama. Alitazama kaa mmoja, akatazama mwingine. Alisoma karatasi. Kisha akainua chupa, akaitazama kutoka chini, jambo ambalo lilinifanya nimheshimu kidogo.

"Sasa kwa nini hukusema, Mama?"

"Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

"Imeandikwa hapo."

Yule mwanamke aliirudisha chupa mezani. Kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia kwenye ofisi zote nilizowahi kuingia na shati langu jeupe: kwamba wataliangalia hilo suala, kwamba tuache karatasi, kwamba tutajulishwa. Mimi nilianza kusimama, kwa sababu hapo ndipo mimi husimama. Hapo ndipo waliponishinda miaka miwili mfululizo. Mama hakusogea. Alifungua mkoba akatoa karatasi nyingine. Alikuwa ametoa kopi kwenye kibanda cha simu huko chini, nilipokuwa najaza maji. Akaiweka juu ya ile ya kwanza.

"Hii naenda nayo. Nipigie muhuri kwamba mmepokea."

Yule mwanamke akaeleza kwamba muhuri walio nao ni wa vifurushi, si wa barua za wafanyakazi. Mama akasema huo huo unatosha. Akaeleza kwamba kwa kawaida mambo hayafanyiki hivyo. Mama akasema atangoja. Na kweli alitulia kama mtu anayengoja, akavuta chupa karibu naye ili watu wasiigonge. Wageni wawili waliokuwa na miadi waliingia, wakaitazama chupa, wakakaa mkabala nasi. Mmoja akauliza kama ni mapambo.

Muhuri ulikuja baada ya nusu saa. Ulipigwa kwa nguvu kidogo, kwa wino wa zambarau, na tarehe.

Tulirudi Dagoretti kabla ya saa nane. Mama alifunga aproni yake, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akaendelea na kaa aliyemwacha asubuhi akiwa na miguu mitatu tu. Supavaiza alipita mara mbili. Mara ya tatu alisimama, akauliza kwa sauti ya chini kama ofisi imemtaja. Mama akamwambia karatasi inasema yaliyotokea, na kama anaona imekosea aandike yake. Hakuandika.

Jibu halijaja hadi leo. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyesema mama alikuwa sahihi, na yule niliyekuwa kabla ya mwaka huu angesema basi tumeshindwa. Nimeacha kuamini hesabu hiyo. Hakuna aliyekuja na karatasi nyingine, na varanda haijamwona. Wiki iliyofuata iliingia oda mpya ya kaa, wengi, pamoja na picha kwenye simu. Supavaiza aliiweka simu mezani mbele ya mama, akangoja kidogo, kisha akaondoka bila kumwambia dambeli ikae wapi.